Mwaka wa Kuihesabu Surua

Nilirudi kazini mvua za masika zikiisha, binti yangu akiwa na miezi miwili. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kazi yangu watu wachache waliielewa. Mama yangu mzazi kule Machakos aliwaambia majirani kwamba mimi ni karani wa serikali. Nilimwacha aseme hivyo kwa sababu sikujua nitamwelezaje. Niliandika programu za kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilijaza chumba kizima katikati ya jiji, ghorofa ya chini ya jengo lililokuwa nyuma ya ofisi za wizara. Chumba kilipozwa kwa ajili ya mashine, si kwa ajili yetu, kwa hiyo tulivaa sweta hata Januari, wakati watu huko nje wanajipepea na magazeti. Unaandika maagizo kwa penseli, msichana wa kutoboa anayageuza kuwa kadi ngumu zenye matundu, unazipanga sandukuni, unailisha mashine, unangoja. Kazi nyingi zilikuwa za mishahara na bili za maji. Sikuwahi kuondoka pale na wasiwasi wowote zaidi ya kukosa basi la Ngong Road.

Kisha akaja Daktari. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, aliyesomea matibabu ya watoto halafu akarudi tena shule ng'ambo kusomea hesabu. Asubuhi alitibu watoto katika wodi ya surua, na mchana alikuja kwetu na mkoba uliojaa karatasi. Mkubwa wangu alinipa kazi zake kwa sababu hazikuwa na haraka, na mimi nilikuwa nimetoka likizo ya uzazi. Labda alidhani sitaweza kitu kigumu.

Daktari aliketi mbele yangu, akachora mstatili kwenye karatasi na kuugawa.

"Chukulia hii ni nyumba, na watoto wote wa Nairobi wanaishi humu," alisema. "Chumba cha kwanza ni cha wachanga. Hawa wametoka tumboni na kinga ya mama zao, surua haiwawezi. Lakini kinga hiyo inapungua kila mwezi. Ikiisha, mtoto anahamia chumba cha pili. Humo wako wazi. Surua ikipita inawachukua."

"Halafu?"

"Wakichukuliwa wanaingia chumba cha tatu. Humo wanacheza na kunyonya kama kawaida, na hakuna anayejua kwamba wameshashikwa. Hiyo ni kama wiki moja na nusu. Halafu chumba cha wagonjwa. Halafu chumba cha waliopona, ambao surua haiwarudii tena."

"Na wanaokufa?"

Alichora mlango mdogo ubavuni mwa chumba cha wagonjwa, lakini hakuandika kitu juu yake.

Alichotaka kujua ni kitu kimoja. Chanjo ya surua ilikuwa bado ngeni kwetu, na madaktari walibishana ichomwe mtoto akiwa na umri gani. Ukimchoma mapema mno, ile kinga ya mama inaiua chanjo, na umepoteza dawa. Ukichelewa, surua inafika kabla yako. Kati ya hapo kuna pengo, miezi ambayo mtoto hana kinga ya mama na hana ya sindano. Pengo hilo haliwezi kujaribiwa kwa watoto wenyewe, alisema, lakini linaweza kujaribiwa ndani ya mashine. Mashine ingewazaa watoto wa karatasi, ingewakuza, ingewaambukiza na kuwachanja katika umri huu na ule, na tungeona ni wangapi wanapita ule mlango mdogo.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume aliyekufa kwa surua nikiwa darasa la pili. Ninachokumbuka ni chumba kilichofunikwa madirisha kwa mablanketi, na sauti ya pumzi yake. Sikumwambia Daktari habari hiyo. Nilichukua penseli nikaanza kuandika vyumba vyake kwa lugha ya mashine, na nilipofika kile cha pili, cha walio wazi, nilihesabu kwa vidole umri wa binti yangu na kuona bado yuko cha kwanza. Nilishusha pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Ilichukua wiki nyingi programu kukaa sawa. Siku ilipokubali, mashine ya kuchapa ilianza kugonga na karatasi pana ikawa inashuka sakafuni. Tulikuwa tumeiagiza ichore wagonjwa kwa alama za nyota, kila mstari juma moja. Juma la kwanza nyota moja moja. Zilikaa hivyo muda mrefu, utadhani hakuna kitu. Halafu zikaanza kunenepa, mstari baada ya mstari, mpaka zikafika ukingo wa karatasi, kisha zikaanza kupungua.

"Kwa nini zilingoja?" nilimuuliza Daktari.

"Zilikuwa zinangoja chumba cha pili kijae. Wimbi la mwisho lilipita karibu miaka miwili iliyopita. Tangu hapo watoto wamezaliwa, wamefika chumba cha pili, na hakuna aliyewagusa. Wakishakuwa wengi vya kutosha, mtoto mmoja mgonjwa anatosha kuwasha moto."

"Na sasa hivi tuko wapi kwenye karatasi hii?"

Aliinama, akaweka kidole. Kilikuwa mistari michache tu juu ya mahali zile nyota zinapoanza kunenepa.

"Inaweza kukosea," alisema. Lakini hakukiondoa kidole upesi.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Tulikuwa tukiishi Woodley, nyumba ya halmashauri yenye ua mdogo na ukuta wa mawe, mimi, mume wangu na mtoto. Majirani wote walikuwa na watoto. Zamani niliwapenda wakija kumwangalia binti yangu na kumshika mashavu. Sasa kila mmoja nilimwangalia pua kwanza. Kanisani nilikaa safu ya nyuma karibu na mlango, na mtoto yeyote akikohoa nilitoka nje. Mume wangu, mtulivu kwa tabia, aliyefanya kazi ofisi ya ardhi, aliniuliza kama nimegombana na mtu pale kanisani. Nilimweleza habari ya vyumba na nyota. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo mashine imesema mtoto wetu atagonjeka?"

"Haijasema hivyo."

"Imesema nini basi?"

Nilichojua ni kwamba binti yangu alikuwa sasa na miezi sita na kitu, na chanjo walisema tusubiri mpaka afike tisa. Alikuwa ameingia chumba cha pili, kile nilichokiandika kwa mkono wangu.

Mwezi huo huo yaya wetu aliondoka kwenda kuolewa, na mume wangu akamwandikia mama yake kule Magharibi, ng'ambo ya Kakamega, aje amshike mtoto kwa muda. Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuombwa mara mbili. Alifika na mzigo wa ndizi, kuku wawili hai, na mjukuu wake mwingine, mtoto wa kaka yake mume wangu, mvulana wa miaka kama mitatu hivi aliyekuwa na macho makubwa na aliyenifuata kila nilipokwenda akiniita "Mama mdogo." Nilifurahi kuwaona. Mama mkwe alimchukua binti yangu kama mtu anayerudishiwa kitu chake, akamfunga mgongoni, na nyumba ikapata mtu. Watoto wawili waliwekwa kulala na yeye kitanda kimoja.

Shoo ya kilimo ilikuwa ikifunguliwa wiki hiyo pale uwanja wa Jamhuri, karibu sana na kwetu. Mume wangu alikuwa amemwahidi mama yake kumwonyesha ng'ombe wa kizungu. Jumamosi mimi nilikuwa kazini nusu siku. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu, na waliporudi alasiri walikuwa wamechoka, wamejaa vumbi, mvulana amebebwa mabegani na baba yake mdogo, mkononi ana bendera ya karatasi. Binti yangu alikuwa mgongoni mwa bibi yake, amelala.

"Watu, mama mtoto," alisema mama mkwe akivua viatu. "Sijawahi kuona watu kama hao. Watoto wa shule wamejaa mpaka huwezi kupita."

Nilimpokea mvulana. Mwili wake ulikuwa moto. Macho yalikuwa mekundu yanatoa machozi, pua inatiririka, na alikohoa kikohozi kikavu kama cha mtu mzima.

"Huyu ameanza lini?"

"Tangu juzi kamafua kidogo," alisema mama. "Ni vumbi ya safari. Gari ilikuwa na vumbi mingi."

Daktari aliwahi kunieleza kwamba surua, kabla ya kutoka kwenye ngozi, hujionyesha ndani ya mashavu, vipunje vyeupe kama chembe za chumvi. Nilimpeleka mvulana dirishani kwenye mwanga, nikamwambia afungue mdomo. Alifungua kwa utiifu. Nilivuta shavu lake kwa kidole, nikaona chumvi.

Nilikaa chini pale pale sakafuni, bado nimemshika. Mume wangu alikuja akauliza kuna nini. Sikuweza kusema neno surua mbele ya mtoto, nikalisema kwa Kiingereza. Mama mkwe alielewa hata hivyo.

"Kama ni hiyo, ni hiyo," alisema. "Afunikwe, apewe uji na maji, asipigwe na upepo. Itatoka, iende."

"Mama, tumpeleke hospitali."

"Wamchome sindano?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Hii ugonjwa haitaki sindano. Ukichoma, inarudi ndani, inakula mtoto. Mimi nimezika wawili. Mmoja alichomwa. Usiniambie habari ya sindano."

Hakuwa mjinga, na sikumwona hivyo. Alikuwa ameona mtoto akichomwa sindano na kufa, na mimi nilikuwa nimeona nyota kwenye karatasi. Nilimfuata binti yangu nikamtoa mgongoni kwake. Nilisema nitampeleka kwa rafiki yangu Kileleshwa leo hii, kabla ya jua kutua.

Mama mkwe aliniangalia kwa huruma, jambo ambalo liliniumiza kuliko ukali.

"Utampeleka kufanya nini? Wamelala kitanda moja tangu tufike. Wamekula kijiko moja."

Alisema kweli. Kama binti yangu alikuwa ameshikwa, alikuwa tayari kwenye chumba cha tatu. Nilikuwa nimekiandika chumba hicho mwenyewe na kukisahihisha mara nyingi, na nilijua kwamba ndani ya programu hakikuwa na njia ya kurudi nyuma. Mtoto alikuwa ananitazama, anacheka, anavuta kola ya gauni langu. Na kama ningempeleka Kileleshwa, ningeipeleka surua kwenye nyumba yenye watoto watatu.

Nikafikiria tena kuhusu Shoo. Mvulana alikuwa amebebwa juu ya mabega, anakohoa, katikati ya umati. Katika programu kulikuwa na kadi moja inayosema mgonjwa mmoja wa surua anaambukiza wengine wangapi. Nilikuwa nimeibadilisha kadi hiyo mara kadhaa kwa maagizo ya Daktari, juu kidogo, chini kidogo, bila kufikiria kitu.

Nilibaki naye nyumbani. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimeketi ngazini kabla mlango wa ofisi haujafunguliwa. Daktari alipopita kuchukua karatasi zake kabla ya kwenda wodini, nilisimama mbele yake bila kumwamkia.

"Ukimweka mtoto mmoja ndani ya programu," nilisema, "mtoto mmoja tu, wa miezi sita, aliyelala na mgonjwa kitanda kimoja. Inasemaje?"

Alinitazama, akaelewa.

"Programu haimjui mtoto mmoja," alisema. "Inajua maelfu. Ukiiuliza mmoja itakupa jibu, lakini halitakuwa kweli. Wamekaa pamoja tangu lini?"

Nilimwambia.

"Bado kuna nafasi. Kuna dawa inayotengenezwa kutoka kwenye damu ya watu wazima waliowahi kuugua. Ni kinga ya kuazima. Ikichomwa mapema, inaweza kuzuia surua, au kuifanya ndogo. Mlete leo. Twende nikupeleke."

Gari lake lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa, na halikuwa na kasi. Ngong Road haijawahi kuwa ndefu kama asubuhi ile. Tulimchukua mume wangu ofisini kwake. Tulipofika Woodley, mama mkwe alikuwa ameketi uani juani, binti yangu mapajani, na chumbani mvulana alikuwa amelala gizani, vipele vimeanza nyuma ya masikio. Daktari alimpima kifua, akasema kwa sasa kiko sawa, tumwangalie pumzi. Halafu akamweleza mama kwa upole habari ya dawa. Alimwita mama, akapiga goti moja ili wasemezane sawa.

"Huyu hana ugonjwa," mama alisema. "Mnataka kuchoma mtoto hana ugonjwa?"

"Ndiyo, mama. Kabla haujatoka."

Mama alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. Mimi nilisimama hapo mlangoni. Kama ningemnyang'anya, nyumba yetu isingekuwa nyumba tena, na kama nisingemnyang'anya, sijui. Mume wangu, ambaye maisha yake yote sijamsikia akimpinga mama yake, alikwenda akachuchumaa mbele yake.

"Mama, unisamehe," alisema, akamtoa mtoto mikononi mwake taratibu, kidole kimoja kimoja, akaenda naye garini bila kuangalia nyuma.

Dawa katika hospitali ya kwanza ilikuwa imekwisha. Sista alifungua friji ili tuone wenyewe. Tulikwenda ya pili, na huko Daktari aliingia peke yake akakaa ndani muda mrefu, nami nikangoja kwenye benchi nikiwa nimemziba binti yangu uso kwa shali kwa ajili ya pumzi za watu. Alipotoka alikuwa ameshika kichupa. Mtoto alilia alipochomwa, kisha akanyonya na kulala, na mimi nikaketi pale nikimtazama ngozi yake.

Zikaanza siku za kungoja. Sijui kuzieleza. Kila asubuhi kabla sijavaa, nilimvua binti yangu nguo dirishani nikamkagua nyuma ya masikio, shingoni, ndani ya mashavu. Halafu nikaenda kazini, na kazi yenyewe ilikuwa ile ile. Daktari alitaka programu ijaribiwe na umri mwingine wa chanjo. Nililisha kadi, nikasimama mbele ya mashine ya kuchapa, na kila nyota iliyotoka niliiona ina masikio na shavu. Siku moja sanduku lilinitoka mikononi na kadi zote zikamwagika sakafuni, mamia kwa mamia. Niliokota nikilia, wasichana wa kutoboa wakanisaidia.

Nyumbani mama mkwe hakunisemesha kwa siku kadhaa, ila alinipikia. Alimhudumia mvulana usiku na mchana kwa namna ambayo hakuna sista angeweza, anampa uji kijiko kwa kijiko, anamfuta macho kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, anamwimbia kwa lugha ya kwao. Vipele vikashuka usoni, kifuani, miguuni. Alisema ni vizuri, ugonjwa umetoka. Na kweli kwa muda alionekana ameanza kupata nafuu.

Halafu mchana mmoja nilirudi mapema nikamkuta amesimama barabarani nje ya ua, amembeba mvulana kifuani. Hakuwa amevaa kitambaa kichwani, na sijawahi kumwona nje bila kitambaa.

"Anapumua vibaya," alisema. "Sikia."

Niliweka sikio. Ilikuwa pumzi ile ile niliyoisikia nyuma ya mablanketi nikiwa mdogo, fupifupi, kama mtu anayepanda mlima. Puani palikuwa panapanuka na kufunga.

Yeye ndiye aliyesema.

"Mnipeleke huko kwa sindano."

Jirani mwenye pikapu alitupeleka. Mama alikaa nyuma, amemfunika mvulana kwa kanga, na njia nzima hakuondoa macho usoni pake.

Nilikuwa nimefanya kazi na namba za wodi ya surua kwa miezi mingi na sikuwahi kuingia ndani yake. Watoto walilala wawili wawili, wengine watatu kitanda kimoja, mmoja kichwa huku na mwenzake kule. Midomo imepasuka, macho yamefungwa kwa usaha, ngozi inabambuka. Kilio hakikuwa kikubwa kama nilivyotarajia. Wengi hawakuwa na nguvu ya kulia. Akina mama walikaa kando ya vitanda na vikombe mikononi, wakiangalia tu. Wimbi lilikuwa limefika, mapema kuliko karatasi yetu ilivyosema. Mvulana alichomwa sindano na kuwekewa hewa ya kusaidia pumzi kwa mpira wa puani, na mama mkwe alimshika mguu wakati wa sindano na kufunga macho yake mwenyewe.

Siku iliyofuata binti yangu alikuwa na joto. Halafu akapata vipele, vichache, tumboni na mgongoni, ambavyo mtu asiyevitafuta angedhani ni joto la nguo. Mimi nilivihesabu mpaka macho yakauma. Hakukohoa. Hakuacha kunyonya. Daktari alimwangalia, akasema hiyo ndiyo surua yake yote, imekuja ndogo. Sikumwamini kwa wiki nzima.

Mvulana alikaa wodini muda mrefu. Mapafu yalipona, jicho la kushoto likabaki na ukungu mweupe ambao haukutoka. Katika siku zake za mwisho pale, kwenye kitanda cha jirani aliletwa mtoto wa kike, umri wa binti yangu, na mama yake kijana kutoka Kibera, fundi wa kushona. Tulizungumza kama watu wa wodini wanavyozungumza. Nilimuuliza anafikiri mtoto aliipata wapi.

"Sijui, dada. Hatutoki. Tulienda tu Shoo Jumamosi ile, nikiwa nimemfunga hapa mgongoni, kuangalia farasi."

Niliweka chini kikombe nilichokuwa nimeshika. Ningeweza kunyamaza. Nilimwonyesha mvulana wetu, nikamwambia na yeye alikuwa hapo siku hiyo, na alikuwa mgonjwa bila sisi kujua.

Alimtazama mvulana, jicho lile.

"Kulikuwa na watoto wengi," alisema. Kisha akageuka akaendelea kumfuta mtoto wake midomo.

Nilipokuja baada ya siku mbili kitanda kilikuwa na watoto wengine. Sista alisema yule mdogo alifariki asubuhi na mama yake ameshaondoka.

Nilimweleza Daktari. Tulikuwa kwenye chumba cha mashine, karatasi zimetandazwa juu ya meza, na matokeo yalikuwa mazuri kwa kazi yake, kwamba chanjo ikitolewa mapema kidogo kuliko tulivyozoea, hasa wimbi likiwa karibu, mlango mdogo unapitwa na wachache. Alikuwa anakwenda kuwaeleza wakubwa wa afya.

"Ni mvulana wetu aliyemwambukiza?" nilimuuliza.

"Hatutajua."

"Mashine inaweza kujua?"

Alikunja karatasi polepole. Nikakumbuka kwamba yeye alikuwa ndani ya wodi ile kila asubuhi, tangu kabla sijamfahamu.

"Haiwezi," alisema. "Nimekwisha kuiuliza mambo kama hayo. Haiwezi."

Mama mkwe alikaa nasi mpaka baada ya Krismasi. Mimi na yeye hatukuwahi kuzungumza tena juu ya siku ile uani, lakini mke wa jirani alipojifungua, nilimsikia akimwuliza juu ya ukuta wa ua kama ameuliza habari za chanjo kliniki. Kisha akarudi Magharibi na mvulana, ambaye alipanda basi akiwa amegeuza kichwa ili aniangalie kwa jicho zima.

Mwaka uliofuata Daktari alirudi na mkoba wake. Safari hii ilikuwa kipindupindu, ambacho kilikuwa kimeanza kusikika pwani na huko ziwani, na alitaka kuhesabu maji, visima, na watu wanaosafiri kwenda mazishini. Aliniambia ninaweza kukataa, mkubwa wangu angempa mtu mwingine. Nilimwambia nitafikiri. Jioni nilimweleza mume wangu tukila. Binti yetu alikuwa ameanza kutembea kwa kushika viti.

"Utakubali?" aliniuliza.

"Ninaogopa."

"Najua unaogopa. Utakubali?"

Asubuhi nilivaa sweta yangu, nikapanda basi kwenda mjini. Daktari alikuwa ameshachora mstatili wa kwanza kwenye karatasi, na kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya chumba ambacho hakujua aandike nini ndani yake. Nilivuta kiti nikaketi.